Ardhi ya Bure kwa Viwanda: Bili Inaishia Halmashauri

Mwaka 2025 Mamlaka ya Uwekezaji na Maeneo Maalum ya Kiuchumi Tanzania, TISEZA, ilitangaza kwamba Mtanzania mwenye mtaji na mpango unaoeleweka atapewa ardhi bila kuilipia katika maeneo maalum ya kiuchumi, yakiwemo Nala mkoani Dodoma, Kwala na Bagamoyo mkoani Pwani, na Buzwagi mkoani Shinyanga. Tangu siku hiyo mjadala umekwama mahali pamoja. Wako wanaoshangilia kwamba hatimaye mzawa amekumbukwa, na wako wanaouliza ni wazawa wangapi wenye uwezo wa kusimamisha kiwanda, wakihofia kwamba watakaonufaika ni walewale siku zote. Hofu hiyo ina msingi, na furaha ile nayo naielewa. Ila pande zote mbili zinaruka swali lililo zito kuliko yote: gharama ya ardhi hiyo, na ya misamaha inayofuatana nayo, inatoka mfukoni mwa nani?

Jibu langu ni kwamba kwa sehemu kubwa inatoka kwenye halmashauri na vijiji, ambao mara nyingi hawakuwepo mezani wakati ahadi inatolewa. Na kinachotolewa kwa gharama hiyo, yaani ardhi bila malipo na msamaha wa ushuru, si ndicho kinachomfanya mwenye kiwanda aamue aende wapi. Anaangalia umeme usiokatika, gesi, maji, barabara inayopitika masika, na hati ambayo hakuna mtu atakayekuja kuipinga mahakamani. Tukiendelea kupima juhudi za mkoa au wilaya kwa wingi wa misamaha iliyotoa, tutakuwa tunazipongeza halmashauri kwa kujifilisi.

Hamu ya kupeleka viwanda mbali na Dar es Salaam si ya leo. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, ule wa 1969 hadi 1974, ulichagua miji tisa iwe vituo vya ukuaji, ikiwemo Tanga, Morogoro, Mwanza, Mbeya, Mtwara na Tabora. Wakati ule motisha ilikuwa amri: serikali ndiyo yenye kiwanda, kwa hiyo serikali ndiyo inayoamua kijengwe wapi. Nia ilikuwa njema na matunda yake bado tunayaona katika baadhi ya miji. Lakini Kiwanda cha Viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kikitarajiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka na nyingi ziuzwe Ulaya, hakikuwahi kufikia hata asilimia 10 ya uwezo wake. Ardhi haikuwa tatizo. Mtaji haukuwa tatizo. Ngozi bora, vipuri, usimamizi na soko ndivyo vilivyokosekana, na hakuna kati ya hivyo kinachopatikana kwa kugawa viwanja.

Zama za soko huria zilipofika, amri ikageuka kuwa msamaha. Sheria ya Maeneo ya Uzalishaji kwa Mauzo ya Nje ya 2002 ilimpa mwekezaji miaka 10 bila kodi ya mapato ya kampuni. Hilo watu wengi wanalijua. Kisichojulikana sana ni kwamba sheria hiyohiyo ilimwondolea pia, kwa miaka 10, kodi na ushuru unaotozwa na serikali za mitaa kwa bidhaa na huduma zinazozalishwa au kununuliwa ndani ya maeneo hayo. Yaani Bunge lilikaa Dodoma likatoa zawadi kwa pesa ambayo si ya Hazina. Halmashauri ambayo kiwanda kimesimama kwenye ardhi yake, malori yake yanaumiza barabara zake, na wafanyakazi wake wanatibiwa kwenye zahanati zake, ikabaki inatazama. Sheria mpya ya 2025, iliyounganisha Kituo cha Uwekezaji, TIC, na mamlaka iliyosimamia maeneo hayo, EPZA, kuwa chombo kimoja, imerahisisha mambo mengi kwa mwekezaji, na nafurahi kwamba sasa ana mlango mmoja wa kugonga. Lakini utaratibu wa serikali kuu kuahidi na serikali ya mtaa kugharamia hauondoki kwa kuunganisha ofisi.

Tuweke namba ili tusizungumze hewani. Chanzo kikubwa cha mapato ya ndani ya halmashauri kutoka kwenye viwanda ni ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi umekuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Kiwanda kinachouza bidhaa za shilingi bilioni 10 kwa mwaka, kwa kiwango hicho, kinaiingizia halmashauri milioni 30. Kwa kampuni hiyo ni kiasi kidogo, na sidhani kama kuna mhasibu atakayemshauri bosi wake ahame mkoa kwa sababu ya milioni 30 katika bilioni 10. Kwa halmashauri ya vijijini ni pesa ya maana: kuezeka madarasa, kumalizia nyumba ya mganga, kununua mafuta ya gari la wagonjwa. Tena asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa sheria inatengwa kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa hiyo kila milioni 30 inayosamehewa inaondoa milioni 1.2 kwenye vikundi vya akina mama wa kata jirani. Mama anayesuka vikapu au kukamua alizeti haambiwi kwamba mkopo wake ni sehemu ya motisha ya mwekezaji. Anaambiwa tu kwamba mwaka huu fungu halikutosha.

Na halmashauri hazina vyanzo vingi vya kufidia pengo hilo. Kodi ya majengo ilihamishiwa TRA mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Ushuru wa mazao ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3, na hadi 2 kwa mazao ya chakula. Mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, ule wa MKUMBI, umefuta ada na tozo lukuki. Nyingi zilistahili kufutwa, maana zilikuwa kero tupu, lakini kila moja ilikuwa na mstari wake kwenye bajeti ya halmashauri fulani. Ukishalipunguza kapu kiasi hicho, ushuru wa huduma kutoka kwa mwenye kiwanda unakuwa nguzo. Kuutoa kama takrima si jambo dogo.

Kisha kuna ardhi yenyewe. Hoja dhaifu kuliko zote ninazozisikia, na inasemwa na watu wazito kwenye majukwaa, ni kwamba eneo hilo lilikuwa pori tu, kwa hiyo hatupotezi kitu. Nenda ukaulize hilo pori ni la nani. Kwenye ukanda wa Pwani, kinachoitwa pori kwa kawaida kina mikorosho iliyopandwa na babu, kuna mihogo ya msimu huu, kuna tanuri la mkaa, kuna njia ya ng'ombe kwenda kwenye lambo, na kuna makaburi. Ardhi ya kijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inalazimika kwanza kuhaulishwa, yaani kuhamishiwa kwenye kundi la ardhi ya jumla, na kijiji lazima kishirikishwe. Baada ya hapo anakuja mthamini, na kwa Sheria ya Uthamini ya 2016 fidia inapaswa kulipwa ndani ya miezi 6, la sivyo inaanza kuzaa riba. Kwa hiyo ile ardhi anayoipata mwekezaji bila kulipa senti, tayari ina deni juu yake. Ama serikali inalilipa, ama halmashauri inalilipa, ama mwenye shamba analibeba kwa kungoja.

Kungoja ndiko kumekuwa kwingi. Bagamoyo ni mfano ambao kila mwandishi wa habari za uchumi anaujua: eneo lilitengwa na kuthaminiwa mwishoni mwa muongo wa 2000, na kuna familia zilizokaa miaka na miaka bila fidia kamili, haziwezi kupanda mazao ya kudumu, haziwezi kuongeza chumba, haziwezi kuuza. Mtu aliyewekewa alama ya X ukutani hajengi choo kipya. Gharama ya namna hii haionekani kwenye hotuba yoyote ya bajeti, lakini ni motisha aliyoitoa mwanakijiji kwa nguvu kwa ajili ya kiwanda ambacho pengine hakijaja hadi leo.

Wanaotetea motisha wana hoja nzito zaidi ya ile ya pori, na haifai kuzipita juu juu. Ya kwanza ni kwamba hatuko peke yetu. Kenya ina maeneo maalum ambako kodi ya mapato ya kampuni ni asilimia 10 kwa miaka 10 ya mwanzo, wakati nje ya maeneo hayo ni 30. Ethiopia ilijenga eneo kubwa la viwanda la Hawassa. Mwekezaji wa nguo au wa kuunganisha pikipiki anaweza kweli kulinganisha nchi na nchi, na nchi isiyotoa chochote inaweza kuachwa. Nakubali. Lakini hiyo ni hoja ya ushindani baina ya nchi, na silaha zake ziko mikononi mwa serikali kuu: kodi ya mapato, ushuru wa forodha, VAT, bei ya umeme, kasi ya bandari. Haielezi hata kidogo kwa nini Kibaha ishindane na Mkuranga, au Kahama na Misungwi, kwa kusameheana ushuru wa huduma. Kiwanda kikitoka Ubungo kikaenda Kwala, Taifa halijapata ajira mpya hata moja. Limehamisha mashine, na huenda msamaha umeanza kuhesabiwa upya.

Hoja ya pili ni ya ajira, kwamba hata kama halmashauri inapoteza ushuru, vijana wanapata mshahara, nyumba zinapangishwa, mama lishe anauza. Hii ina ukweli mwingi. Ukipita barabara ya Kilwa kutoka Vikindu kuelekea Mkuranga unaiona kwa macho: malori ya vigae yanapanga foleni getini, vijana wa bodaboda wanangoja zamu ya saa 12 itoke, ng'ambo ya barabara kuna vibanda vya chipsi, duka la vocha, fundi wa viatu, na safu za vyumba vya kupanga ambavyo bado havijapigwa plasta. Uchumi huo haukuwepo pale miaka 15 iliyopita. Basi ni lazima tuulize ni nini kiliuleta, maana jibu ndilo linaloamua pesa yetu iende wapi.

Bomba la gesi kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015 na linapita Mkuranga. Kiwanda kikubwa cha vigae cha Goodwill kiliota hapo muda mfupi baadaye, kwa sababu tanuri la vigae linakula moto usiku na mchana na gesi ndiyo moto wake. Ardhi ilikuwa nafuu kuliko Dar es Salaam, hiyo ni kweli, lakini ardhi nafuu ipo hata Nachingwea. Kilichokuwepo Mkuranga na hakipo kwingine ni bomba, lami, na bandari iliyo karibu. Mtwara inasimulia jambo hilohilo kwa upande wa pili. Kiwanda cha saruji cha Dangote, chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, kilifunguliwa mwaka 2015 juu ya mawe ya chokaa, katika mkoa uleule wenye visima vya gesi. Mwishoni mwa 2016 kilisimamisha uzalishaji, na ugomvi ulikuwa wa nishati: gharama ya dizeli, bei ya gesi, makaa ya mawe yatoke wapi. Kilikuwa na ardhi ya kutosha. Kilikosa umeme wa bei inayobebeka, na hakuna msamaha wa halmashauri ambao ungewasha mitambo ile.

Ndiyo maana naiona Buzwagi tofauti na maeneo mengine yaliyo kwenye orodha. Mgodi ulipofungwa mwaka 2021 uliiachia Manispaa ya Kahama eneo lenye njia ya umeme mkubwa, majengo, barabara za ndani na uwanja wa ndege, na ardhi yake haihitaji kuchukuliwa upya kutoka kwa mkulima. Kumpa mwekezaji ardhi pale ni kumpa kitu kilichokwisha kutayarishwa. Kwala nayo, tangu bandari kavu na usafirishaji wa mizigo kwa reli ya kisasa ya SGR vizinduliwe Julai 2025, ina kitu cha kuuza ambacho hakihitaji kuongezewa msamaha: kontena linaweza kutoka melini likafika mlangoni mwa kiwanda bila kukaa kwenye foleni ya Ubungo. Mtu ambaye haoni faida ya kuwa Kwala kwa sababu hiyo hatakaa Kwala kwa sababu ya kiwanja.

Wamarekani, ambao wamefanya biashara hii ya motisha za majimbo na miji kwa miongo mingi kuliko mtu yeyote, wameacha ushahidi tunaoweza kuusoma bila kulipia ada. Timothy Bartik wa Taasisi ya Upjohn, mchumi aliyetumia maisha yake kulichunguza suala hili, alipitia tafiti nyingi akahitimisha mwaka 2018 kwamba motisha hubadilisha uamuzi wa kampuni katika asilimia 2 hadi 25 ya kesi. Maana yake, angalau mara tatu kati ya nne kampuni ingefanya ilichofanya hata bila kupewa kitu. Kansas na Missouri, majimbo yanayogawana jiji la Kansas City, yalinyang'anyana ofisi kuvuka mpaka kwa misamaha kwa miaka, wafanyakazi wakibadilisha tu njia ya kwenda kazini, hadi mwaka 2019 yalipokubaliana kuacha. Yalikuwa yamelipa mamia ya mamilioni ya dola kwa ajira zilezile.

Lakini mfano unaotuhusu zaidi ni wa Wisconsin. Mwaka 2017 kampuni ya elektroniki ya Foxconn iliahidi kuwekeza dola bilioni 10 na kuajiri watu 13,000, na jimbo likaahidi motisha ya takriban dola bilioni 3. Mwaka 2021 mkataba uliandikwa upya: ajira 1,454, motisha dola milioni 80. Jimbo halikuumia sana, kwa kuwa mkataba wake ulisema hulipwi mpaka uajiri. Waliobeba mzigo ni mji mdogo wa Mount Pleasant na kaunti yake ya Racine, waliokopa na kutumia mamia ya mamilioni ya dola mapema kununua ardhi, kuhamisha wakazi, kuvuta maji na kupanua barabara. Kilichowaokoa kwa kiasi fulani ni kifungu kimoja walichokisisitiza: kwamba kampuni italipa kodi ya majengo kana kwamba imejenga mali yenye thamani isiyopungua dola bilioni 1.4, iwe imejenga au haijajenga. Baadaye Microsoft walinunua sehemu ya eneo hilo, na leo hali ni nafuu. Hata hivyo mpangilio wa hatari ulikuwa uleule wa kwetu: ngazi ya juu inalipa baadaye na kwa masharti, ngazi ya chini inalipa mwanzo na kwa matumaini.

Kutoka hapo naona mambo yanayofuata, na siyaoni kuwa magumu. Serikali kuu ikitaka kusamehe ushuru wa halmashauri kwa ajili ya faida ya Taifa, Hazina iirejeshee halmashauri kiasi hicho kila mwaka, kwa mstari unaosomeka kwenye bajeti. Tutaona haraka ni misamaha mingapi itakayoendelea kuonekana ya lazima pale anayeitoa ndiye atakayeilipia. Fidia imalizike kabla mwekezaji hajapewa barua, kwa sababu ardhi yenye mgogoro si motisha hata kwake. TAMISEMI ipige marufuku halmashauri kutoa unafuu kwa kiwanda kinachohama tu kutoka wilaya nyingine ya Tanzania, isipokuwa kimeongeza uzalishaji unaopimika. Na pesa tunayoiacha kwa misamaha ielekezwe kwenye vile vitu ambavyo mwekezaji akishindwa vinabaki: kisima, transfoma, mtaro, kilomita mbili za lami. Msamaha ukishatolewa haurudi, lakini kisima kitahudumia kiwanda kinachofuata, na kijiji pia.

Kuna mtu atasema halmashauri zetu hazina uwezo wa kujadiliana na kampuni kubwa, na ni afadhali mambo haya yabaki Dar es Salaam na Dodoma. Nimeisikia hoja hii hata kwa maofisa ninaowaheshimu. Wanasheria wa halmashauri ni wachache, ni kweli, na mkurugenzi anayehamishwa kila baada ya muda mfupi hana sababu ya kuogopa mkataba wa miaka 33. Lakini udhaifu huo unatibika kwa kuwapa mwanasheria na mchumi wa kuwasaidia, tena TISEZA yenyewe inaweza kuwa na dawati la kuzihudumia halmashauri kama inavyowahudumia wawekezaji. Kuwaondoa mezani kumetupa matokeo tuliyoyaona Bagamoyo. Tukumbuke pia kampeni ya "Mkoa Wetu, Viwanda Vyetu" ya Desemba 2017, kila mkoa ulipoagizwa kujenga viwanda 100 ndani ya mwaka mmoja. Agizo lilitoka juu, namba zikarudi juu, na katika hesabu hizo kiwanda cha saruji na kijumba cha mashine ya kukoboa vilisimama safu moja. Halmashauri zilijifunza kuripoti. Hazikupewa nafasi ya kuuliza ni kiwanda gani kinafaa kwao na kwa bei gani.

Madiwani walioingia baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025 wataletewa maombi ya ardhi na ya unafuu mapema kuliko wanavyodhani, mengine yakiwa na barua ya mkoa juu yake na maneno "kwa utekelezaji". Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango ina haki ya kuomba kila ombi liambatane na karatasi moja inayoeleza: ushuru utakaoachwa kwa mwaka ni shilingi ngapi, fidia imelipwa na nani na lini, ajira zilizoahidiwa ni ngapi na zitahesabiwaje, na ardhi itarudi kijijini baada ya miezi mingapi endapo msingi hautakuwa umechimbwa. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kata, pale zinapobandikwa taarifa za mapato na matumizi, na mtendaji aisome kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla muhuri haujagongwa.